Ukuta wa mpakani kwenye mteremko: jirani wa juu alijaza kifusi, wa chini anataka kuchimba

Swali: Ninaishi Nyasaka, Manispaa ya Ilemela, Mwanza, kwenye kiwanja kilichopimwa kilichopo mteremkoni. Jirani yangu wa juu, mzee niliyemkuta hapo, alisawazisha uwanja wake miaka sita iliyopita kwa kujaza kifusi chenye kimo cha mita 1.8, akakiegemeza kwenye uzio wake wa tofali za inchi 6 uliopo mpakani. Sasa uzio huo umetoa tumbo upande wangu, una nyufa za mlalo, na sehemu moja hubaki mbichi hata mwezi wa Julai. Mimi nilikusudia kuchimba upande wangu kina cha mita 1.2 hadi mpakani ili nipate maegesho ya gari. Mzee anasema nikichimba nitajenga ukuta wote kwa gharama yangu. Fundi wangu anasema udongo ni wa mzee, hivyo ukuta ni wa mzee. Nani yuko sahihi, na ukuta wenyewe ujengweje?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kusema nani yuko sahihi, nakuomba usichimbe hata koleo moja karibu na mpaka huo. Nyufa za mlalo pamoja na tumbo ni dalili kwamba uzio unapindishwa na udongo ulio nyuma yake, na udongo wa upande wako, ule uliopo mbele ya msingi wake, ndio unaouzuia usiteleze. Ukiuondoa, hata kwa nusu mita tu, unaweza kuuangusha uzio wote siku hiyo hiyo, juu ya mafundi watakaokuwa shimoni. Wazuie watoto wasicheze eneo hilo, hamisha chochote kilichoegemezwa hapo, na acha nafasi ya mita 3 kutoka ukutani bila mtu kukaa wala gari kuegeshwa. Mzee naye aombwe kuanza kupunguza kifusi kutoka juu, kwa majembe na makoleo wala si kwa mashine, katika ukanda wa mita 2 hivi nyuma ya uzio, na udongo unaotolewa usirundikwe kwenye ukingo. Kuupunguzia ukuta mzigo ni salama kuliko kuukimbilia na mirunda ya kuuegemeza, kwa sababu mirunda inayowekwa bila hesabu mara nyingi huhamishia nguvu mahali pengine padhaifu zaidi.

Sasa niingie kwenye ubishi wenu. Mzee ana sehemu ya ukweli na fundi wako ana sehemu yake, lakini wote wawili wanauliza udongo ni wa nani, wakati swali linalotoa jibu ni nani aliyebadilisha uso wa asili wa ardhi. Misingi ya sheria ya Kiingereza iliyopokelewa nchini kwetu, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, inakitambua kiwanja katika hali yake ya asili kuwa na haki ya kuegemea kiwanja cha jirani. Maana yake ni kwamba mtu wa chini hawezi kuchimba mpakani hadi ardhi ya asili ya mtu wa juu ikaporomoka, kisha akadai kwamba alichimba kwake. Lakini haki hiyo ni ya ardhi ya asili. Kifusi kilicholetwa kwa lori si sehemu ya hali ya asili, na aliyekileta ndiye mwenye wajibu wa kukishikilia kisimwangukie jirani, wala jirani hakuwahi kukubali kuwa nguzo yake.

Kwa hiyo, kwa hali ilivyo leo, kabla hujachimba chochote, ukuta wa kuzuia zile mita 1.8 za kifusi ni wajibu wa mzee. Ukichimba mita 1.2 chini ya uso wa asili, wajibu wa kushikilia kile ulichokifichua ni wako. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya kitaalamu ni kujua uso wa asili ulikuwa wapi, na si kupigiana kelele. Kwa udongo wa milima ya Mwanza hili si gumu. Udongo uliotokana na mwamba wa itale (graniti) ulioozea mahali pake una chembechembe ngumu za mchanga mweupe, na rangi yake hubadilika taratibu kadiri unavyoshuka, wakati kifusi huonyesha vipande vya tofali, mifuko ya plastiki, matabaka yaliyolala ovyo na mabadiliko ya ghafla. Shimo moja la ukaguzi upande wa mzee, kwa ridhaa yake na mbali na ukingo, litaonyesha mstari huo. Tazameni pia viwanja vya pembeni ambavyo havijaguswa, na picha za zamani za ujenzi kama zipo.

Wengi wakishajua kwamba mmoja ana mita 1.8 na mwingine mita 1.2, hukimbilia kugawana gharama kwa uwiano wa sita kwa nne. Hesabu ya udongo haiendi hivyo, na nitaieleza kidogo kwa sababu ndiyo inayoamua ushauri wangu kwako. Udongo mkavu wa kawaida wenye uzito wa kilonewtoni 18, yaani karibu tani 1.8, kwa mita ya ujazo husukuma ukuta kwa takriban theluthi moja ya uzito wake, na msukumo unaongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa ukuta wa mita 1.8, jumla ya msukumo ni karibu tani 1 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Kwa ukuta wa mita 3, ambao ndio utakaopatikana ukiongeza mita zako 1.2, msukumo unafika karibu tani 2.7. Nguvu inayotaka kuupindua ukuta kutoka kwenye kitako chake nayo inaongezeka zaidi ya mara nne na nusu. Yaani sehemu yako, ambayo kwa macho ni ndogo kuliko ya mzee, ndiyo inayogeuza ukuta wa kawaida kuwa kazi nzito ya zege na nondo. Hapo mzee ana haki ya kulalamika: ukichimba hadi mpakani, unamtaka agharimie ukuta ambao kifusi chake peke yake hakikuuhitaji.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usichimbe hadi mpakani. Acha ukanda wa ardhi ya asili upande wako, kisha anza kuchimba ndani zaidi, ili pawe na kuta mbili fupi badala ya moja ndefu: ya juu ya mzee, yenye mita 1.8, na ya chini ya kwako, yenye mita 1.2. Ili kuta mbili za namna hiyo zisibebeshane mizigo, kanuni inayotumika sana ni kuacha kati yake umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha ukuta wa chini. Kwako hiyo ni mita 2.4. Utapoteza upana huo katika maegesho, na najua kwamba kwenye kiwanja cha mjini mita 2.4 si kitu kidogo. Hata hivyo utapata kuta mbili ambazo kila moja ina mwenyewe, kila moja inakarabatiwa bila kumgusa mwingine, na hakuna kati yenu atakayekuwa na neno la kumwambia mwenzake miaka kumi ijayo. Kwenye ukanda huo panda nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake hushuka wima kwa zaidi ya mita 2. Usiufanye bustani ya kumwagilia kila jioni.

Kuna sababu nyingine ya kutochimba mpakani, nayo ni nyumba ya mzee. Hukunitajia iko umbali gani, na hilo lazima lipimwe. Chora mstari kutoka chini ya kitako cha ukuta, uupandishe kwa nyuzi 45 kuelekea upande wa mzee. Kila kitu kilichopo ndani ya mstari huo, iwe msingi wa nyumba, tangi la maji au gari, kinausukuma ukuta. Kwa ukuta wa mita 1.8 wenye kitako kilichozama nusu mita, mstari huo hufika juu kwenye umbali wa mita 2.3. Ukichimba hadi jumla iwe mita 3, unafika mita 3.5, na huenda ukaikuta kona ya nyumba yake. Hata gari dogo au rundo la kokoto karibu na ukingo si jambo dogo, kwani mzigo ambao wahandisi huukadiria kwa magari ni sawa na kuongeza udongo wa zaidi ya nusu mita juu ya ule uliopo.

Nimezungumzia udongo mkavu, lakini katika kuta nyingi zilizoanguka ambazo nimeitwa kuzikagua, udongo haukuwa mshitakiwa wa kwanza. Mshitakiwa alikuwa maji. Maji hayana msuguano wa ndani wa kuyashikilia kama udongo ulivyo nao, kwa hiyo hayasukumi kwa theluthi ya uzito wake, yanasukuma kwa uzito wake wote. Nyuma ya ukuta wa mita 1.8, maji yakijaa hadi juu, yenyewe peke yake husukuma kwa tani 1.6 kwa kila mita ya urefu, ukijumlisha na udongo unaoelea ndani yake unapata zaidi ya mara mbili ya msukumo wa udongo mkavu. Ndiyo maana ukuta unaweza kusimama miaka sita bila neno, kisha ukalala usiku mmoja wa mvua za vuli. Na uzio wa tofali za inchi 6 usio na nondo haukupaswa kupewa hata udongo mkavu. Ukifanya hesabu ya kimo hicho, mkazo unaotaka kuvifungua viungo vya saruji unapita uwezo wake mara kadhaa. Uzio huo umesimama kwa sababu kifusi kilijishika chenyewe kwa muda, na hiyo bahati ndiyo inayokwisha sasa.

Ubichi unaouona mwezi wa Julai unanitia wasiwasi kuliko tumbo la ukuta. Mwanza kati ya Juni na Agosti ni kukavu, hivyo yaelekea maji hayo si ya mvua. Huenda yanatoka ama kwenye bomba linalovuja, ama kwenye shimo la mzee la maji machafu lililopo ndani au nyuma ya kifusi. Muombe mfunge bomba zake zote, kisha muitazame mita yake ya maji, mwone kama inaendelea kuzunguka. Ikiwa haizunguki, mimineni rangi ya kupimia uvujaji kwenye choo chake na mwangalie ukuta kwa siku chache. Kama ni shimo, lazima lihamishwe au maji yake yaelekezwe kwingine kabla ya ukuta mpya kujengwa. Hakuna ukuta wa gharama ya kawaida unaostahili kusimama mbele ya shimo linalonyonyesha maji kwenye kifusi mchana na usiku, na zaidi ya hapo ni suala la afya ya familia yako. Lisemwe kwa heshima, na ikiwezekana mkaguzi ajionee pamoja na mzee, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa na jirani kwamba choo chake kinavuja.

Ukuta mpya wa mzee unaweza kuwa wa mawe, na kwa Mwanza hilo ndilo ninalolipendekeza kwa kimo hiki, kwa kuwa mawe magumu yapo na mafundi wanaoyajua wapo. Ukuta wa mawe hushinda kwa uzito wake, kwa hiyo unene wa chini ndio roho yake: kitako kiwe kati ya nusu na theluthi mbili ya kimo chote, pamoja na sehemu iliyozama. Kwa kesi hii sitegemei kuona chini ya mita 1.2 kwenye kitako, na takriban sentimita 40 juu. Msingi ukae kwenye udongo wa asili ulio imara au kwenye mwamba, usikae kamwe kwenye kifusi. Mwamba ukikutwa umelala kwa mteremko, utinduliwe ngazi ngazi au uchomekwe nondo, kwani mawe yaliyowekwa juu ya jiwe laini lililoinama huteleza. Makasha ya waya yaliyojazwa mawe pia yanafaa na yana faida ya kupitisha maji yenyewe, ila yanakula nafasi. Zege lenye nondo hutumia nafasi ndogo zaidi upande wa juu ya ardhi, lakini kitako chake nacho ni kipana, na nondo kuu lazima ziwe upande wa udongo, mahali ambapo ukuta unavutwa. Nimeona nondo zikiwekwa upande wa mbele, na ukuta wa namna hiyo ni kama hauna nondo.

Nyuma ya ukuta, kabla ya kurudisha udongo, pawekwe tabaka la kokoto safi lenye unene wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu, likitenganishwa na udongo kwa kitambaa cha kuchujia. Bila kitambaa hicho, udongo laini huingia katikati ya kokoto na kuziba njia baada ya misimu michache. Matundu ya kutolea maji yawe ya bomba za inchi 3, kila baada ya mita 1.5 hivi, safu ya kwanza ikiwa juu kidogo ya ardhi ya mbele. Udongo urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kwa kifaa chepesi, kwa sababu mashine nzito karibu na ukuta huusukuma kabla haujakomaa. Juu kabisa uso wa ardhi uinamishwe kuelekea kwa mzee, au uwe na mfereji wa kukinga maji ya bati na ya uwanja. Niliwahi kukagua ukuta mzuri wa mawe uliolala ukiwa na matundu yote ya maji. Fundi wa rangi alikuwa ameyaziba kwa lipu ili uso uonekane nadhifu.

Hapa pana jambo ambalo watu hulisahau hadi wanapogombana tena. Matundu hayo yatamwaga maji upande wako. Sheria haimlaumu mtu wa juu kwa maji yanayotiririka yenyewe kama yalivyotiririka tangu zamani, lakini akiyakusanya na kuyatoa mahali pamoja juu ya kiwanja cha jirani, hapo ni kero anayowajibika nayo. Kwa hiyo ukuta usijengwe juu ya mstari wa mpaka wenyewe. Urudi ndani ya kiwanja cha mzee kwa sentimita 40 au 50, na chini yake, bado ndani ya kiwanja chake, pawe na mfereji wa zege unaopeleka maji hadi mfereji wa barabara. Kitako chote nacho kibaki kwake. Kabla ya hayo yote, mpima ardhi aliyesajiliwa aje azifufue alama za mipaka, maana uzio wa zamani si ushahidi wa mpaka, na kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa kisheria hata kama aliyeisogeza ni kibarua asiyejua. Na mzee akitaka uzio juu ya ukuta mpya, uwe wa wavu. Uzio wa tofali huongeza uzito na kukamata upepo, mambo mawili ambayo lazima yaingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Michoro iandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kibali cha ujenzi kiombwe Halmashauri ya Manispaa. Ukuta wa kimo hiki karibu na mpaka si kazi ya kukadiriwa na fundi peke yake, hata fundi hodari. Uzio wa zamani ubomolewe kutoka juu kwenda chini baada ya kifusi kupunguzwa, na uchimbaji wa msingi ufanywe vipande vya mita 2 au 3, kimoja kikijengwa ndipo kingine kifunguliwe. Kama kazi haiwezi kumalizika kabla ya mvua za Oktoba, ni afadhali kifusi kitolewe na kuachwa na mteremko wa kulala, kikifunikwa turubai, na ukuta usubiri kiangazi kijacho. Ukuta wako wa mita 1.2 ufuate baada ya wa mzee kukamilika.

Nenda kwa mzee na mtu anayemheshimu, mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukiwa na taarifa ya mhandisi mkononi, na umwambie wazi kwamba umeacha kuchimba mpakani. Hilo litamwondolea hofu yake kubwa. Kama gharama ni nzito kwake, unaweza kuchangia kwa hiari, mathalani kwa kuruhusu mawe na vifaa vipitie kwako, ila mchango huo uandikwe kuwa ni msaada na si kukiri wajibu. Asipokubali hata kidogo, mwandikie barua yenye picha zenye tarehe, ubaki na nakala iliyopokelewa. Kisha nenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha wala si kuhukumu. Likishindwa kuwasuluhisha ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako unaweza pia kuomba amri ya haraka kama hatari iko karibu.

Mkikubaliana, kama ninavyotumaini, maandishi yenu yaseme uso wa asili ulikutwa kwenye kimo gani na umepimwa kutoka wapi, ukuta upo umbali gani ndani ya mpaka, nani anasafisha mfereji na matundu kabla ya kila msimu wa mvua, umbali gani kutoka ukingoni hapataegeshwa gari wala kuchimbwa shimo la maji, na kwamba fundi wa mzee ataruhusiwa kuingia kwako kukarabati uso wa mbele baada ya kukuarifu. Ambatanisheni mchoro wa mhandisi, msaini mbele ya wakili ili mapatano yawe na nguvu, nakala moja ibaki ofisi ya serikali ya mtaa na moja iwekwe pamoja na hati ya kila kiwanja, ili atakayenunua au kurithi baada yenu ayakute.